Tumbaku ya Asili na Sigara za Kiwandani: Ipi Hujenga Uraibu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu tumbaku ambayo wenyeji wa asili wa bara la Amerika waliilima na kuitumia kabla wageni kutoka Ulaya hawajafika, na tofauti yake na sigara za kiwandani. Yamejibiwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuelewa kinachotokea mwilini mwake. Namna ya kuendesha ibada haimo humu. Hilo ni la wazee wa kila jamii.

Kwa kifupi, tumbaku ya asili inaleta uraibu?

Inaweza. Ndani ya jani kuna nikotini ileile iliyomo kwenye sigara, na ubongo hauulizi imetoka shamba gani. Hata hivyo, mtu anayeitumia kwa njia ya ibada, mara chache na bila kuvuta moshi hadi mapafuni, kwa kawaida hapati uraibu. Anayeivuta kila siku kama sigara atakuwa mraibu kama mvutaji mwingine yeyote. Kinachoamua ni kasi ya nikotini kufika kwenye ubongo na mara ngapi inafika.

Watu wakisema "tumbaku ya asili" wanamaanisha nini hasa?

Wanamaanisha vitu vinne tofauti, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Kwanza, mmea wenyewe. Nicotiana rustica ni mfupi kuliko tumbaku ya biashara, una maua ya njano na majani mazito. Ndio uliolimwa na Wahaudenosaunee na jamii nyingi za mashariki ya Amerika Kaskazini. Waanishinaabe wa eneo la Maziwa Makuu ya huko huita tumbaku yao asemaa. Upande wa magharibi kulikuwa na aina nyingine: Nicotiana quadrivalvis kwa Wacrow, Wahidatsa na Wamandan, na Nicotiana attenuata katika nchi kame za kusini-magharibi. Zote zina nikotini.

Pili, michanganyiko ya magome na majani ijulikanayo kama kinnikinnick. Humo huwekwa gome la ndani la kichaka cha Cornus sericea au majani ya Arctostaphylos uva-ursi, na wakati mwingine tumbaku kidogo. Wapo wanaoutumia bila tumbaku kabisa. Usipokuwa na tumbaku, mchanganyiko huo hauna nikotini.

Tatu, sigara zinazotengenezwa na kuuzwa bei rahisi kwenye maeneo yaliyotengwa kwa wenyeji wa asili huko Kanada na Marekani. Nne, sigara za makampuni makubwa zenye picha au jina la mwenyeji wa asili kwenye pakiti. Hizi mbili za mwisho ni sigara za kiwandani, na jibu la swali la uraibu kwazo ni lilelile la sigara yoyote.

Mtu akikuambia "tumbaku ya asili haina shida", muulize kwanza anazungumzia ipi kati ya hizo.

Nicotiana rustica ina nikotini nyingi kuliko tumbaku ya sigara. Si basi uraibu wake ni mkubwa zaidi?

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tuende taratibu.

Ni kweli kwamba jani la Nicotiana rustica ni kali. Nikotini yake inaweza kufika asilimia 9 ya uzito wa jani kavu, wakati Nicotiana tabacum, yaani tumbaku ya biashara, kwa kawaida huwa na asilimia 1 hadi 3. Lakini nikotini iliyomo kwenye jani si nikotini inayoingia kwenye damu. Sigara moja ya kawaida ina takriban miligramu 10 hadi 15 za nikotini, na mvutaji hufyonza kama 1 hadi 2 tu. Nyingine huungua au hupotea na moshi wa pembeni.

Uraibu hujengwa na mshtuko mdogo wa haraka unaorudiwarudiwa. Moshi ukifika mapafuni, nikotini hupita kwenye eneo kubwa lenye mishipa midogo ya damu, huingia upande wa kushoto wa moyo na kufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko hushika vipokezi vyake, na dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta hisia ya malipo, humwagika kwenye sehemu ya ubongo inayojifunza nini kirudiwe. Tendo na malipo vikikaribiana hivyo, ubongo huviunganisha haraka sana. Anayevuta sigara 20 kwa siku, kwa mivuto 10 kila sigara, anaufundisha ubongo wake somo hilohilo mara 200 kwa siku, zaidi ya mara 70,000 kwa mwaka.

Sasa linganisha na jani kali. Moshi wake unakwaruza koo, na asiyeuzoea hukohoa mara moja. Huwezi kuuvuta ndani kwa raha mara 200 kwa siku. Kwenye kiko cha ibada moshi hukaa mdomoni kisha hutolewa. Nikotini kidogo hupita kwenye kuta za mdomo, lakini hupanda taratibu kwa dakika, si kwa sekunde.

Jambo jingine ni tindikali. Nikotini hupita kwenye kuta za mdomo ikiwa huru tu, yaani haijafungwa na tindikali, na uhuru huo hutegemea kiwango cha pH, kipimo ambacho namba ndogo ni tindikali na kubwa ni alikali, kinyume cha tindikali. Kwenye pH 8, takriban nusu ya nikotini huwa huru. Kwenye pH 6 ni kama asilimia 1. Moshi wa sigara nyingi una tindikali kidogo, karibu na pH 6 au chini yake. Matokeo yake ni mawili: hauwashi koo sana, na mdomoni haufyonzwi vya kutosha, kwa hiyo mvutaji hulazimika kuupeleka mapafuni ili apate anachokitaka. Moshi wa tumbaku nyeusi iliyokaushwa kwa hewa huelekea upande wa alikali: unawasha, lakini hufyonzwa mdomoni bila kuvutwa ndani.

Kwa hiyo sigara dhaifu inayovutika kwa urahisi humnasa mtu kuliko jani kali lisilovutika. John Rolfe alipopanda mbegu za Nicotiana tabacum huko Jamestown, Virginia, mwaka 1612, ni kwa sababu Waingereza waliiona Nicotiana rustica ya Wapowhatan, wenyeji wa huko, kuwa chungu na kali mno. Biashara ya tumbaku ya Virginia ilijengwa juu ya jani laini zaidi.

Sigara ya kiwandani imetengenezwaje hata ikamshika mtu hivyo?

Kwa hatua kadhaa, na ya kwanza si kiambato bali ni ukaushaji. Mwaka 1839 kijana aliyeitwa Stephen, mtumwa kwenye shamba la familia ya Slade huko Caswell, North Carolina, alitumia joto kali la makaa kukausha tumbaku, na majani yakatoka ya njano nyangavu. Njia hiyo ilikua ikawa ile ya kukausha ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, kwa joto la mabomba, yaani tumbaku ya mvuke. Jani hukauka kwa siku chache, kabla halijala sukari yake yenyewe. Tumbaku ya mvuke hubaki na sukari nyingi, mara nyingi zaidi ya asilimia 10. Iliyokaushwa kwa hewa kwa wiki 4 hadi 8 huwa imebaki na sukari kidogo sana. Sukari ikiungua hutoa tindikali, na moshi unakuwa mwororo wa kuvutika.

Kisha ikaja mashine. James Bonsack alipata hataza ya mashine yake ya kusokota mwaka 1881. Fundi wa mkono alisokota sigara chache kwa dakika. Mashine ilitoa takriban 200. Sigara ikawa rahisi na tayari muda wote, na uraibu unahitaji kitu kilicho karibu na mkono.

Baada ya hapo ndipo viambato vinaingia. Mwaka 1994 makampuni ya Marekani yalitoa orodha ya viambato 599 vinavyoweza kutumika kwenye sigara. Vingi ni vya ladha na unyevu: sukari, kakao, likorisi, gliserini. Mentholi hupoza koo na kuficha mwasho, hivyo anayeanza hupita kizingiti cha kikohozi kwa urahisi. Misombo ya amonia hubadilisha kemia na ladha ya moshi. Vitundu vidogo kwenye kichujio huingiza hewa. Moshi huhisi mwepesi, na mvutaji hufidia kwa kuvuta kwa nguvu zaidi au kuziba vitundu kwa vidole na midomo bila kujua.

Moshi wenyewe pia hufanya kazi isiyofanywa na nikotini peke yake. Picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 1996 zilionyesha kwamba wavutaji wana upungufu wa takriban asilimia 40 wa kimeng'enya cha MAO-B, kinachosaidia kuvunja dopamini. Hii ni sababu mojawapo inayofanya watu wengi waone kiraka cha nikotini, kile cha kubandika kwenye ngozi, hakikolei kama sigara.

Basi sigara isiyo na viambato haileti uraibu?

Inaleta. Uraibu hautoki kwenye kakao wala likorisi. Viambato hurahisisha kuanza na kuendelea, lakini tumbaku ya mvuke iliyokatwakatwa na kufungwa kwenye karatasi tayari ina nikotini, sukari yake ya asili na moshi unaovutika.

Natural American Spirit ni mfano ulio wazi. Ilianzishwa Santa Fe mwaka 1982, pakiti yake ina mchoro wa mwenyeji wa asili mwenye kiko, na wengi huamini ni ya jamii za wenyeji. Si yao, tangu mwaka 2002 imekuwa chini ya kampuni kubwa ya Reynolds. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliionya kampuni hiyo juu ya madai ya "asilia" na "bila viambato", kwa kuwa yanamfanya mnunuzi adhani hatari ni ndogo. Mwaka 2017 kampuni ilikubali kuyaondoa, ingawa jina la bidhaa lilibaki.

Na zile sigara za bei rahisi zinazouzwa kwenye maeneo ya wenyeji?

Huko Kanada na jimbo la New York huuzwa kwa katoni au mfuko wa plastiki wenye sigara 200. Urahisi wake unatokana na kodi, si na aina ya jani. Ndani ni Nicotiana tabacum kama ya sigara nyingine, na uraibu wake ni uleule. Hatari ya ziada ni bei yenyewe: kinachowafanya wengi wapunguze sigara ni gharama, na hapa kizuizi hicho hakipo. Mtu anayehama kutoka pakiti ghali kwenda mfuko wa 200 mara nyingi hujikuta anavuta zaidi.

Kwenye ibada tumbaku hutumiwaje, na kwa nini haimnasi mtu?

Matumizi mengi hayana moshi wa kuvuta hata kidogo. Tumbaku huwekwa chini, hutiwa majini, hutupwa kwenye moto, hufungwa kwenye vitambaa vidogo, au hukabidhiwa mzee mtu anapoomba ushauri au mafundisho. Hukabidhiwa pia kabla ya kuchuma dawa ya mitishamba. Nikotini inayoingia mwilini hapo ni kidogo mno au hakuna.

Kwenye kiko, moshi hubeba sala. Hauvutwi hadi mapafuni. Kiko hupita kwa wengi na kila mmoja hupata mivuto michache. Halafu siku au wiki hupita. Nusu ya nikotini hutoka kwenye damu kwa takriban saa 2, kwa hiyo kati ya ibada na ibada mwili umeshasafika na vipokezi vya ubongo havijazoea kuishi na nikotini. Ubongo wa mvutaji wa kila siku huongeza idadi ya vipokezi hivyo, na vikikosa nikotini ndipo arosto, yaani mateso ya kukosa kilevi, inapoanza.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini uvutaji wa sigara uko juu kwenye jamii hizohizo?

Kwa sababu wanachovuta ni sigara za kiwandani. Nchini Marekani wenyeji wa asili wa taifa hilo, pamoja na wa Alaska, kwa miaka mingi wamekuwa kundi lenye kiwango cha juu kabisa cha uvutaji kati ya watu wazima.

Historia inaeleza sehemu kubwa. Mwaka 1883 serikali ya Marekani iliweka kanuni zilizofanya ngoma na ibada nyingi za wenyeji kuwa makosa ya kuadhibiwa. Kanada ilifuata njia hiyohiyo kwa marufuku ya mwaka 1885, yaliyodumu hadi 1951. Watu waliohamishwa kwenye ardhi zao walipoteza mashamba na mbegu. Ibada zilizoendelea kwa siri zilitumia tumbaku iliyopatikana dukani, na sigara ikashika nafasi ya jani. Sheria ya kulinda uhuru wa dini za wenyeji nchini Marekani ilipitishwa mwaka 1978 tu, na kufikia hapo vizazi kadhaa vilikuwa vimekua vikiona pakiti ya sigara ikikabidhiwa mzee. Makampuni nayo yaliona mwanya na kuchukua picha za kiko na manyoya kupambia matangazo yao.

Ndiyo maana tunaona juhudi za kurudisha mbegu za zamani kuwa na uzito mkubwa wa kiafya, siyo wa kitamaduni tu. Serikali ya Wanavajo, jamii ya wenyeji wa asili wa Marekani, ilionyesha mwaka 2021 kwamba mambo haya mawili yanatenganishika kisheria: ilipiga marufuku tumbaku ya biashara ndani ya sehemu za kazi na za umma, kasino zikiwemo, na ikaacha wazi matumizi ya ibada.

Kuna watu wanaotumia tumbaku kwa namna za asili na wakapata uraibu?

Wapo, na hili lisifichwe.

Huko Alaska, Wayup'ik, wenyeji wa asili wa huko, hutafuna iqmik, mchanganyiko wa jani la tumbaku na majivu ya kuvu anayeota kwenye miti. Majivu yale ni alikali kali. pH ya iqmik imepimwa karibu na 11, ambapo takriban nikotini yote huwa huru na hupita kwenye kuta za mdomo kwa kasi. Baadhi ya wajawazito wameitumia wakiamini ni salama kuliko sigara kwa kuwa ni "ya asili". Ni kinyume: dozi ya nikotini ni kubwa, na nikotini hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

Kwenye Amazon, Nicotiana rustica huvutwa kama mapacho au husagwa na majivu ya miti kuwa ugoro unaopulizwa puani, uitwao rapé. Majivu hufanya kazi ileile ya kuifungua nikotini, na pua hufyonza haraka. Kwenye ibada za huko hutumiwa kwa uangalizi. Anayeununua na kuupuliza nyumbani mara kadhaa kwa siku anajijengea uraibu wa kawaida kabisa wa nikotini, na dalili ni zilezile: hamu ya asubuhi, kuongeza kipimo, hasira ukikosekana.

Nchini Sudan, toombak hutengenezwa kwa Nicotiana rustica iliyochachushwa na kuchanganywa na magadi. Ni bidhaa ya kila siku yenye uraibu mkubwa, na viwango vyake vya nitrosamini, kemikali zinazosababisha saratani, ni miongoni mwa vilivyo juu kabisa kuwahi kupimwa kwenye tumbaku yoyote. Mmea ni uleule unaoheshimiwa kwenye ibada. Matokeo yamebadilishwa na matumizi.

Kinnikinnick isiyo na tumbaku ni salama kuvuta?

Haina uraibu wa nikotini. Lakini gome au jani lolote likiungua hutoa lami na hewa ya kaboni monoksaidi. Kwa mivuto michache ya mdomoni hatari ni ndogo; kuifanya mbadala wa sigara 20 kwa siku ni kuyachosha mapafu kwa njia nyingine. Ukinunua mchanganyiko, soma kilichomo, kwa kuwa baadhi huongezewa tumbaku ya biashara.

Naweza kuhamia tumbaku ya asili ili niache sigara?

Hatushauri. Mtu ambaye tayari ni mraibu ana mazoea ya kuvuta hadi mapafuni, na atayahamishia kwenye jani jipya. Akisokota Nicotiana rustica na kuivuta kwa mtindo wa sigara, kwanza atapata kizunguzungu na kichefuchefu kwa wingi wa nikotini. Baadaye atazoea, na sasa ana uraibu uleule kwa dozi kubwa zaidi, bila kichujio. Moshi nao una kaboni monoksaidi na kemikali za saratani kama moshi mwingine wa tumbaku. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 zinajulikana kusababisha saratani.

Nitajuaje kama nimeshakuwa mraibu?

Maswali mawili ya kipimo cha Fagerström, kinachopima utegemezi wa nikotini, yanatosha kwa kuanzia.

Baada ya kuamka unavuta sigara ya kwanza lini? Ndani ya dakika 5, pointi 3. Dakika 6 hadi 30, pointi 2. Dakika 31 hadi 60, pointi 1. Baada ya hapo, 0.

Unavuta ngapi kwa siku? 10 au chini, pointi 0. 11 hadi 20, pointi 1. 21 hadi 30, pointi 2. 31 na zaidi, pointi 3.

Jumla ya 0 hadi 2 ni utegemezi mdogo, 3 hadi 4 wa kati, 5 hadi 6 mkubwa. Swali la kwanza lina uzito kuliko watu wanavyodhani: anayevuta sigara 8 tu lakini anaanza kabla hajashuka kitandani ameshikwa. Kwa anayetumia rapé, iqmik au kiko, jiulize swali hilohilo la asubuhi.

Nikiacha, arosto huchukua muda gani na nitumie nini?

Huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hufika kileleni siku ya 2 au ya 3, na hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Tarajia hasira, usingizi wa mang'amung'amu, njaa na kushindwa kutulia. Hamu ya ghafla huweza kurudi miezi baadaye, lakini kila moja hupita kwa dakika chache.

Kiraka: anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Bandika kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele, na badilisha mahali kila siku. Ndoto zikizidi, kivue usiku.

Gamu ya nikotini, yaani ubani wa kutafuna: miligramu 4 kwa anayevuta ndani ya dakika 30 za kuamka, miligramu 2 kwa wengine. Kosa la kawaida ni kuitafuna kama gamu ya kawaida. Nikotini humezwa, tumbo linauma, kwikwi inaanza, na mtu anasema dawa haifai. Tafuna taratibu hadi ikuwashe, iweke kati ya shavu na fizi hadi mwasho uishe, kisha rudia kwa kama dakika 30. Usinywe kahawa wala soda dakika 15 kabla yake: tindikali huzuia nikotini kupita kwenye kuta za mdomo, sheria ileile ya pH tuliyoitaja juu.

Kiraka pamoja na gamu hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Vipo pia vidonge vya varenicline na bupropion. Hivyo viandikwe na daktari, na bupropion haifai kwa mwenye kifafa. Mjamzito aongee na mhudumu wa afya kabla ya kutumia chochote chenye nikotini.

Nataka kulima Nicotiana rustica kwa ajili ya ibada. Kuna hatari gani kwenye mikono?

Ugonjwa wa tumbaku mbichi. Majani yakiwa na umande, mvua au jasho, nikotini huyeyuka na kupita kwenye ngozi. Saa chache baadaye mtu anaumwa kichwa, anatapika, anaishiwa nguvu. Subiri majani yakauke kabla ya kuvuna, vaa glavu zisizopitisha maji na mikono mirefu, badilisha nguo zikilowa, osha ngozi kwa sabuni mara ukimaliza. Watoto wasishike majani mabichi yaliyolowa.

Mbegu ni ndogo kama vumbi. Zitandaze juu ya udongo bila kuzifukia, maana zinahitaji mwanga, na usizimwagilie kwa nguvu zikasombwa. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25 huota kwa wiki 1 hadi 2. Hamishia miche shambani ikiwa imeachana sentimita 45 hadi 60, mbali na mahali palipolimwa nyanya, kwa kuwa hushirikiana magonjwa ya virusi. Nikotini hutengenezwa kwenye mizizi na kupanda hadi majani. Ukikata maua, jani huwa kali zaidi. Kwa tumbaku ya kutoa sadaka huna sababu ya kuyakata, na ukiyaacha utapata mbegu za msimu ujao.

Usichume tumbaku-mwitu usiyoijua. Nicotiana glauca, kichaka chenye maua marefu ya njano na majani ya kijivu-kibichi, ina sumu iitwayo anabasine, na watu wamekufa kwa kula majani yake wakidhani ni mboga.

Nimeona watu wakinywa maji ya tumbaku kwa kujisafisha. Nijaribu?

Usijaribu. Kwenye kinywaji huwezi kujua kipimo cha nikotini, na jani la Nicotiana rustica hutofautiana sana mmea kwa mmea. Sumu huanza kwa mate mengi, jasho, weupe wa uso na kutapika. Ikizidi, mapigo ya moyo hushuka, degedege huja na misuli ya kupumua hupooza. Vifo vimetokea. Mtu akifikia dalili hizo, mpeleke hospitali mara moja na usimlazimishe kutapika. Mtoto mdogo anaweza kuumwa kwa kumeza hata vipande vya sigara, kwa hiyo jani la ibada likae juu, kwenye chombo kinachofungwa.

Nimeacha sigara na ninavaa kiraka. Naweza kushiriki kiko?

Kwa kawaida ndiyo. Mivuto michache ya mdomoni huongeza nikotini kidogo tu, na huna haja ya kuvua kiraka. Ukihisi kichefuchefu, kizunguzungu au moyo kwenda mbio, kivue na uoshe mahali hapo kwa maji.

Hatari kubwa zaidi kwako ni mazoea: anayejua kuvuta sigara huvuta moshi ndani bila kukusudia, na mvuto mmoja wa mapafuni huamsha hamu iliyolala. Katika wiki 4 za kwanza mwambie mapema anayeongoza. Kwenye baadhi ya jamii asiyevuta hugusisha kiko begani na kukipitisha, na hakuna anayemhesabu kuwa amekosa heshima. Ukihitaji tumbaku ya kukabidhi, omba jani lililolimwa au mchanganyiko wa magome badala ya kununua pakiti ya sigara. Pakiti ikikaa mfukoni siku nzima, jioni huwa imefunguliwa.